Usukani Mikononi mwa Nani: Saibapanki, Riwaya ya Kiswahili na Mfano wa Mlabani

Mwaka 1983 mwandishi Mmarekani Bruce Bethke alichapisha katika jarida la Amazing hadithi fupi iliyoitwa "Cyberpunk". Wahusika wake ni vijana wadogo wanaozimudu kompyuta kuliko wazazi wao na wasioona haya kuutumia ujuzi huo kwa utundu. Mwaka uliofuata William Gibson alitoa riwaya ya Neuromancer, na muda si mrefu mhariri Gardner Dozois akalichukua neno la Bethke kulitambulisha kundi zima la waandishi waliokuwa wakiandika kwa namna ya Gibson. Tangu hapo neno hilo limekuwa jina la utanzu mmoja wa bunilizi za kisayansi. Mhadhara huu unakusudia kuchunguza ni sifa gani hasa inayoutambulisha utanzu huo, na kwa nini Kiswahili, ambacho malighafi yake kinayo kwa wingi, bado hakijajenga mkondo unaotambulika wa riwaya za aina hiyo.

Jina

Bethke aliunganisha maneno mawili. La kwanza linatokana na kitabu cha Norbert Wiener kiitwacho Cybernetics, cha mwaka 1948, ambacho kwa upande wake kiliazima neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Mzizi huohuo ulipita katika Kilatini ukazaa maneno ya Ulaya yahusuyo utawala, na katika njia hiyo ndefu ndimo lilimotoka neno gavana la Kiswahili. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jina hili, ikifuatwa hadi asili yake, haihusu mashine. Inahusu uelekezaji: nani ameshika usukani, na chombo kinakwenda kwa nani.

Nusu ya pili, panki, katika Kiingereza ni neno la dharau kwa kijana asiye na maana, kabla ya kuwa jina la mtindo wa muziki wa miaka ya 1970. Kiswahili kina neno linalokaribia mno maana hiyo, nalo ni muhuni. Kamusi za zamani zinalifafanua kuwa mtu asiye na makao wala mke, mzururaji. Serikali ya kikoloni ililipenda neno hili: vijana waliokimbilia Dar es Salaam bila kazi ya kuandikishwa waliitwa wahuni, wakakamatwa na kurudishwa makwao, kama alivyoonyesha mwanahistoria Andrew Burton katika kitabu chake cha mwaka 2005. Baada ya uhuru hali haikubadilika sana. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mwaka uleule wa hadithi ya Bethke, iliwaondoa mijini watu walioonekana hawana shughuli. Sadfa hiyo haithibitishi lolote. Hata hivyo, inaonyesha kwamba mhusika mkuu wa utanzu huu hakuwa mgeni Afrika Mashariki: alikuwa na jina, na alikuwa na sheria yake.

Tafsiri ya maana, basi, ingekuwa "muhuni aliyekwapua usukani". Hakuna anayependekeza jambo hilo liingizwe kamusini. Saibapanki inatosha, ijapokuwa wako vijana watakaodhani ni mtindo wa kunyoa nywele. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili rasmi kimechagua njia nyingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitwa Sheria ya Makosa ya Mtandao; palipokuwa na usukani katika Kiingereza, Kiswahili kimeweka wavu. Uteuzi huo ni mzuri kisarufi, kwa kuwa mtandao unatokana na kutanda na kutandaa. Lakini wavu hauulizi swali lililoulizwa na usukani.

Sifa

Mara nyingi utanzu huu hufafanuliwa kwa kauli fupi kwamba ni teknolojia ya juu pamoja na maisha ya chini. Kauli hiyo ni kweli, lakini inaeleza mandhari tu. Filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982 iliwapa watazamaji mvua isiyokoma, majengo marefu na taa za matangazo, na waigaji wengi wakadhani mvua na taa ndio utanzu wenyewe. Vitu hivyo vikiondolewa, kinachobaki ni uhusiano wa aina fulani kati ya mtu, mwili wake na mwenye mashine.

Neuromancer inaudhihirisha uhusiano huo tangu kurasa za mwanzo. Case ni mwizi wa taarifa za kompyuta. Aliwaibia waliomwajiri, nao hawakumuua. Waliiunguza mishipa yake ya fahamu kwa sumu ili asiweze tena kuingia katika mtandao. Adhabu ya kosa la kwenye mtandao imetolewa ndani ya mwili. Atakayemponya hamponyi kwa huruma, bali kwa mkataba, na ndani ya tiba mna kitanzi kingine. Molly, mwenzake Case, ana vioo vilivyozibwa juu ya macho na wembe chini ya kucha, navyo alivigharimia kwa kazi ambayo asingependa kuikumbuka. Hapa mashine haiko mbele ya mtu kama trekta lilivyo mbele ya mkulima. Imeingia chini ya ngozi, na fundi wake yuko mbali. Pat Cadigan, katika Synners ya mwaka 1991, aliliendeleza wazo hilo hadi kwenye ubongo wenyewe, na kwa maoni ya mhadhara huu alifanya hivyo kwa makini kuliko wenzake wengi wa kiume, kwani kwake yeye anayechomekewa waya ana jina, ana rafiki na ana deni la kodi ya nyumba.

Kuna upande mwingine wa uhusiano huo. Muhuni wa saibapanki hakubuni mashine, ameikuta. Ujuzi wake ni wa kukipa kifaa kazi ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Mfano bora wa jambo hili katika Afrika Mashariki ni kitenzi kubipu. Kampuni ya simu ilikusudia mteja apige, aongee na alipe. Mteja asiye na salio alipiga, akakata kabla haijapokelewa, na ujumbe ukafika bure: nipigie, au nimefika, au nakukumbuka, kutegemea makubaliano ya wawili hao. Mfumo mzima wa mitambo ukageuzwa kuwa filimbi. Kitenzi chenyewe kiliingia katika Kiswahili bila kamati yoyote kukijadili.

Nusu mbili za riwaya

Kihistoria, saibapanki ni ndoa ya tanzu mbili zilizokuwepo Marekani: hadithi za upelelezi za mitaani na bunilizi za kisayansi. Kiswahili kinazo zote mbili, lakini hazijaoana.

Upelelezi ulianza mapema. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa na kiko chake. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, riwaya ambayo, kwa jina lake tu, tayari inaiweka teknolojia ya mawasiliano mahali pa mauti. Kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, halafu Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Wahakiki waliziweka kazi hizi katika fungu la riwaya pendwa, mara nyingi kwa sauti ya kuzishusha hadhi. Zilikuwa na mtaa, baa, gari, bunduki na kasi. Zilichokosa ni shaka juu ya mwenye usukani: Willy Gamba analitumikia taifa, na taifa liko upande wa haki. Katika miaka ya ukombozi wa kusini mwa Afrika msimamo huo ulieleweka, lakini saibapanki haiwezi kuota katika udongo huo, kwa sababu inahitaji mhusika asiyejua kwa yakini anamtumikia nani.

Upande wa pili ulikuja baadaye na ulipanda juu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ziliiacha kabisa ardhi ya uhalisia. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inamhusu Dzombo, aliyehukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, naye badala ya kufa akafika kwenye sayari ambayo jina lake likivunjwavunjwa husomeka "wale ni sisi". Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) inamzungusha mhusika wake katika kijiji cha utandawazi. Hizi ndizo riwaya dhati, zinazofundishwa vyuoni. Shaka juu ya mwenye usukani wanayo tele. Hata hivyo, sayansi ndani yake ni istiara: chombo cha Dzombo ni njia ya kufikia hoja ya usawa, na msomaji haambiwi kinaendeshwaje wala nani alikilipia. Mwandishi wa saibapanki angeanzia hapohapo, kwenye ankara.

Hivyo basi, riwaya iliyojua mtaa haikuwa na shaka, na iliyokuwa na shaka haikukaa mtaani. Pengo hili halikusababishwa na uhaba wa kompyuta. Gibson mwenyewe aliiandika Neuromancer kwa taipureta ya kawaida.

Mlabani

Mlabani ni kata ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mgeni huona kwanza mpunga, baiskeli, na vumbi au tope kulingana na majira. Hapa si mahali ambapo mtu angetarajia kuizungumzia Neuromancer. Lakini anwani ya Ifakara ya Taasisi ya Afya Ifakara inaitaja Mlabani. Taasisi hiyo ilianza katika miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi iliyoanzishwa na mwanazoolojia Rudolf Geigy wa Basel, na leo ni taasisi ya Kitanzania inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Katika kijiji cha Kining'ina, karibu na mji, ina mabanda makubwa ya wavu yenye vibanda na mimea ndani yake, ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa kana kwamba wako kijijini. Huko Bagamoyo, wanasayansi wake wakishirikiana na Chuo cha Imperial cha London wamefuga katika maabara iliyofungwa mbu waliobadilishwa vinasaba. Kuanzia mwaka 1996 kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga zilianza kufuatiliwa kwa duru: kila nyumba na kila mtu akapewa namba, na kila kuzaliwa, kufa na kuhama kukaandikwa.

Ni lazima isemwe wazi kwamba kazi hii imeokoa maisha. Mradi wa vyandarua wa miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Jina Zuia Mbu ni la kupongezwa pia kilugha: kitenzi cha kuamuru na yambwa yake, maneno mawili ambayo mtoto wa shule anaelewa. Saibapanki haihitaji mwanasayansi mwovu, na mwandishi atakayekwenda Ifakara kumtafuta atapoteza muda wake na kuwadhulumu watu. Kinachohitajika ni hali, nayo ipo: nyumba ya tope yenye namba katika hifadhidata ambayo mwenye nyumba hajawahi kuiona.

Bonde lenyewe limezoea hali ya namna hii. Maji ya Ruaha Mkuu yalianza kuzalisha umeme Kidatu mwaka 1975, na ya Kihansi mwaka 2000, na kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyokaa gizani.

Bonde halijakosa hata simulizi. Afrika Mashariki nzima, tangu enzi ya ukoloni, imesimulia habari za mumiani, chinjachinja na wazimamoto: watu wenye gari na vifaa wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa inayouzwa mbali. Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000, na katika mkoa huuhuu wa Morogoro Peter Pels alizichunguza simulizi za Uluguru, akachapisha makala juu yake mwaka 1992. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi na lilitaja dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa pwani. Kamusi za wakati wa ukoloni zilikwisha kuandika kwamba watu waliidhani ni damu ya binadamu. Wasomi wa awali waliziita simulizi hizi ushirikina. White alionyesha kwamba zilikuwa njia ya kuzungumza juu ya kazi, mshahara, magari na hospitali za wakoloni kwa watu ambao hawakuwa na msamiati mwingine wa kufanya hivyo.

Mwanafunzi wa fasihi akizisoma simulizi hizo pamoja na Neuromancer hawezi kukosa kuona undugu wao. Kuna kifaa ambacho utendaji wake haujulikani. Kuna mwili unaochukuliwa kitu. Kuna soko la mbali ambako kitu hicho kinapata thamani. Na kuna wenyeji walioajiriwa kuifanya kazi hiyo, ambao usiku hawarudi nyumbani wakiwa watu walewale. Mumiani ilitangulia saibapanki kwa miongo kadhaa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: katika mumiani mtu hukimbia tu. Hakuna anayeliiba lile gari.

Muhuni wa kuliiba amekwisha kuzaliwa, nayo ni simu iliyomleta. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2019 laini za simu Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na usajili wa zamani ukakoma kutambuliwa Januari 2020. Mwandishi na amfikirie mkulima wa mpunga wa Mlabani ambaye kidole chake kimesuguliwa na mpini wa jembe hata mashine ya wakala isikisome. Fedha zake zimo ndani ya laini, laini imo ndani ya kidole, na kidole kimekataliwa. Binti wa jirani, mwenye umri wa miaka 19 na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, anaujua ufumbuzi usiokubaliwa na sheria. Hapo riwaya imeanza, na wala hakuna roboti.

Lugha

Kinachobaki ni suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa mhadhara huu ndilo zito. Snow Crash ya Neal Stephenson (1992) inabuni kwamba lugha ya kale ya Wasumeri iliweza kuuamrisha ubongo kama programu inavyoiamrisha kompyuta. Kama isimu, dhana hiyo haisimami. Lakini kila mtumiaji wa simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii. Nguvu yote ya ujumbe huo imo katika kionyeshi ile. Tapeli hajui lolote kumhusu mpokeaji. Kionyeshi cha rejea ndicho kinachodai kwamba wawili hao wana jambo wanalolijua pamoja. Katika wapokeaji elfu moja, yupo mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anadaiwa na shemeji yake. Kufuli halikuvunjwa, lilifunguliwa kwa sarufi.

Je, riwaya ya aina hii iandikwe kwa Kiswahili gani? Katika Blade Runner watu wa mitaani wanasema mchanganyiko wa Kijapani, Kihispania, Kijerumani, Kihangari na lugha nyingine, jambo lililowashangaza watazamaji wa Marekani na ambalo halingemshangaza mtoto wa Eastlands, Nairobi, aliyekulia katika Sheng. Filamu ya Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021), inayowakutanisha wachimbaji wa koltani na wadukuzi katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta nchini Burundi, inatumia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza bila kuomba radhi. Riwaya pendwa ya Kiswahili, kinyume chake, ilizoea msimulizi wa Kiswahili sanifu na wahusika wanaozungumza kama yeye. Binti wa kibanda cha simu hawezi kusema hivyo. Yeye ana laini, bando, vocha, kitochi na kurusha salio. Maneno tarakilishi na nywila ameyasikia shuleni.

Hilo halina maana kwamba kazi ya wanaistilahi imepotea. Mradi wa Kilinux, uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima inaweza kusema Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mwandishi Mkenya Nanjala Nyabola alishughulikia istilahi za Kiswahili za haki za kidijitali, na akaanzisha tuzo ya hadithi za kisayansi kwa waandishi vijana wa Kiswahili. Kuyaweka mambo hayo mawili pamoja ni uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana, kwani istilahi huishi kwa kutiwa kinywani mwa mtu, na mtu huyo hapatikani ndani ya faharasa.

Anapatikana katika fomu. Mtu anayeombwa damu, kidole au taarifa zake hupewa karatasi ya ridhaa, na karatasi hizo zimejaa kauli ya kutendwa: taarifa zitahifadhiwa, sampuli zitapelekwa, matokeo yatatumika. Kauli hiyo ni sahihi kisarufi na inamficha mtenda. Bibi wa Mlabani atakayeuliza "zitapelekwa na nani?" anaulizia usukani, na mwandishi wa hadithi anaweza kumwachia bibi huyo kurasa mia tatu za kuulizia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tayari inampa nafasi. Katika Kiswahili cha sheria hiyo, mtu ambaye taarifa zake zimekusanywa anaitwa mhusika.